Fungua boksi kwanza: kuchagua kadi za mtandao na vipuri vya seva ya mashine kuukuu

Anayetaka kuunda seva kwa kompyuta ya mtumba mara nyingi huanza na prosesa: ni i5 au i7, kizazi cha ngapi. Swali si baya, ila seva hizi hazifii hapo. Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300, mashine za mwaka 2012, bado zina nguvu ya kugawa mafaili na intaneti kwa shule nzima. Kinachoziangusha ni kadi ya mtandao isiyoenea kwenye sloti (tundu refu la kupachikia kadi), kebo ya alumini iliyouzwa kwa jina la shaba, kibetri cha ukubwa wa sarafu kilichokufa, na hewa ya chumvi ambayo kila mwenye nyumba ya bati Raskazone, Tanga, anaijua.

Kwa hiyo anza na bisibisi, pochi baadaye.

Sloti ndizo zinazoamua

Fungua ubavu wa boksi uangalie ukingo wa nyuma wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Utakuta sloti za aina mbili. PCI ya zamani ni ndefu, mara nyingi nyeupe. PCIe huwa nyeusi au ya rangi, na hutofautiana urefu kwa idadi ya njia za data, ambayo ndiyo namba inayofuata x: x1 ina sentimita 2.5, x4 karibu 4, x8 kama 5.6, na x16 ni ile ya karibu sentimita 9 inayofahamika kama sloti ya kadi ya picha.

Kadi ya gigabiti ya PCI iache dukani hata kama bei ni ya kutupa. Njia nzima ya PCI hubeba megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote vilivyopachikwa humo hugawana hizo hizo, kwenda na kurudi. Gigabiti moja peke yake hudai megabaiti 125 kwenda na 125 kurudi. Ukitia kadi mbili za namna hiyo kwenye seva moja, zitaishi kwa kupokezana.

PCIe ina hesabu nyingine. Njia moja ya kizazi cha 1.0 hubeba megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, ya 2.0 hubeba 500, ya 3.0 hukaribia 1000. Kadi ya poti mbili inadai 250, ya poti nne inadai 500. Maana yake kadi ya poti nne ya kizazi cha 2.0 bado inapumua hata ikipata njia moja tu, wakati ya kizazi cha 1.0 ikipata njia moja, poti zake nne zitagombania nafasi ya mbili.

Urefu wa sloti usikudanganye. OptiPlex 7010 ya mnara ina sloti mbili ndefu; moja ina njia 16 kweli, nyingine ina njia 4 tu ndani ya umbo la x16. Hiyo ya njia 4 ndiyo mahali pa kadi ya mtandao. Kadi fupi huingia kwenye sloti ndefu bila tatizo, na sehemu inayobaki wazi haina madhara. Kinyume chake hakiwezekani: kadi ya x4 haiingii kwenye sloti ya x1 iliyozibwa mwisho. Wapo mafundi wanaokata kizibo hicho kwa kisu cha moto, na kazi hiyo hufanikiwa, lakini kisu kikiteleza milimita moja umekata nyuzi za mazabodi na mashine yote imekwenda.

Kwenye mashine za enzi ya Core 2, baadhi ya mazabodi hukubali kadi ya picha tu kwenye sloti ndefu. Kadi ya mtandao ikiwekwa hapo haionekani kabisa. Usikimbilie kumrudishia muuzaji. Ijaribu kwanza kwenye mashine nyingine.

Kisha pima kimo. Boksi la mnara hutumia bati la nyuma lenye urefu wa milimita 120. Boksi jembamba, lile la kulala chini ya monita, hutumia bati fupi la milimita 79. Kadi nyingi za seva ni fupi za kutosha kuingia kwenye boksi jembamba. Tatizo linabaki kwenye bati tu, na wauzaji wengi huwa wameshalipoteza lile la pili. Kama kadi inatoka Kariakoo kuja kwa basi, mwambie muuzaji akupigie picha tatu kabla hujatuma hela: mbele ya kadi, nyuma yenye lebo, na bati likiwa limefungwa. Picha hizo hazigharimu kitu, ila kurudisha mzigo Dar kunagharimu nauli na siku mbili. Ukiletewa bati refu, fundi mwenye msumeno wa chuma na jiriwa anaweza kulikata na kulikunja upya. Usifunge kadi bila bati kabisa. Kebo ikivutwa, kadi hucheza kwenye sloti, na utakuwa na seva inayopotea hewani kila mfagiaji akipita.

Ulizia chipu, kasha halina maana

Jina la kwenye kasha linabadilika, chipu ndiyo kadi yenyewe. Kwenye maduka ya kawaida utakayoyakuta mengi ni Realtek RTL8111 au RTL8168. TP-Link TG-3468, kwa mfano, ni hiyo hiyo. Wengi huitukana Realtek kupita kiasi. Upande wa nje, ambako kampuni ya intaneti inakuletea megabiti 20 au 50, chipu hii inatosha na inabaki. Udhaifu wake huonekana kwenye mzigo mkubwa wa muda mrefu, hasa kwa wanaotumia pfSense au OPNsense, mifumo ya kugeuza kompyuta kuwa lango la intaneti. Mifumo hiyo imejengwa juu ya FreeBSD, na draiva ya Realtek (programu inayoiendesha kadi) huko huweza kukwama katikati ya kazi. Utaona ujumbe wa "watchdog timeout" na poti inakata mpaka iwashwe upya. Kwenye Linux hali ni afadhali sana. Kwa VMware ESXi (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwenye mashine moja) toleo la 7 na kuendelea, draiva ya Realtek haimo ndani yake.

RTL8139 nayo bado inauzwa. Hiyo ni ya megabiti 100 na ya PCI. Acha.

Upande wa ndani, ambako kompyuta zote zinavuta mafaili, tafuta Intel iliyong'olewa kwenye seva ya ofisi. Hizi ndizo za kukumbuka ukiwa mbele ya meza ya mtumba:

- Intel Gigabit CT, chipu 82574L, poti moja, x1. Inaingia popote, na haina makuu.
- HP NC360T, chipu 82571EB, poti mbili, x4 ya kizazi cha 1.0. Ni kongwe lakini ngumu, na kwa kuwa wengi hawaijui bei yake huwa ya maelewano. Ndugu yake mwenye poti nne ni NC364T. Huyo hupata moto, mpe hewa.
- HP NC365T au Intel I340-T4, chipu 82580, poti nne, kizazi cha 2.0.
- Intel I350-T2 na I350-T4. Hizi ndizo za kuchagua kama zinapatikana. Ya poti nne inakula kama wati 5 tu, na kwa mashine inayowaka saa 24 hilo si jambo dogo.

Draiva zake, e1000e kwa mbili za kwanza na igb kwa zinazofuata, zimo ndani ya Linux miaka mingi. Huhitaji CD wala kupakua chochote.

I350-T4 ndiyo inayoigizwa kuliko zote. "Intel mpya" ikiuzwa kwa bei ya kushangaza, ujue unauziwa mbuzi kwenye gunia. Kadi iliyotumika, yenye lebo ya HP, Dell au IBM na alama za skrubu kwenye bati, ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa halisi. Wala usihofu kwamba kadi ya HP itakataa kwenye mashine ya Dell. Za PCIe hizi huelewana.

Kuna vitu vitatu vinavyofanana na kadi ya mtandao na vinauzwa kwa jina hilo, na ukivifikisha nyumbani havina kazi. Cha kwanza ni kadi za HP zenye herufi FLR mwishoni, kama 331FLR na 366FLR. Zina poti nne safi na bei nzuri, ila meno yake ni ya sloti maalumu ya seva za ProLiant. Unayoitaka inaishia na T: 331T, 366T. Cha pili ni kadi ndogo za ndani za seva za Dell PowerEdge, ambazo hazina meno ya PCIe kabisa, zina kiunganishi cha kubonyeza. Cha tatu ni kadi za Fibre Channel kama QLogic QLE2462: zinaingia kwenye sloti vizuri, lakini ni za kuunganisha makabati ya diski na haziongei Ethaneti. Sharti moja linamaliza mengi: ukiona matundu ya nyuzi za kioo badala ya poti za RJ45 (zile za kebo ya kawaida ya mtandao) na huna hakika, usinunue.

Na ile ya USB? Adapta yenye chipu ya RTL8153 ni nzuri kubeba kwenye begi kwa dharura. Kama poti ya kudumu ya seva, siku kiunganishi kikilegea utatafuta tatizo kila mahali isipokuwa pale lilipo.

Poti ngapi zinatosha

Seva ya mafaili tu inahitaji moja. Seva inayosimama pia kama lango la intaneti inahitaji mbili: nje na ndani. Mashine hizi zina poti moja kwenye mazabodi, ambayo kwa OptiPlex 7010 na Elite 8300 ni Intel 82579LM, na inafaa. Kwa hiyo unanunua kadi ya poti moja tu. Poti nne zina maana pale unapotaka kutenga mitandao, mathalani ofisi, wanafunzi, kamera na WiFi ya vocha kwa majirani.

Hata hapo, kabla ya kuhangaika kutafuta kadi ya poti nne, fikiria swichi inayoelewa VLAN, yaani kupitisha mitandao iliyotengwa kwenye kebo moja. TP-Link TL-SG108E ya poti nane inaifanya kazi hiyo kwa kebo moja kutoka kwenye seva. Intaneti ya megabiti 50 haiwezi kujaza kebo ya gigabiti, hata ikipita humo mara mbili.

Kuunganisha poti mbili ziwe kama moja hakufanyi kile wengi wanachodhani. Kompyuta moja ikivuta faili moja itapita kwenye poti moja, kwa kasi ya poti moja. Faida inaonekana tu watu wengi wakivuta kwa pamoja, na swichi nayo lazima iunge mkono LACP, utaratibu wa kuunganisha poti.

Kadi za gigabiti 10 zimeanza kushuka bei, na kishawishi kipo. Diski moja ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 180 kwa sekunde, na gigabiti moja inabeba karibu 115 halisi. Hujafika huko. Ukiwa na SSD kadhaa na kazi ya kuhariri video, hapo zungumzia Intel X520-DA2 au Mellanox ConnectX-3, zote za x8. Ila X520 hukataa moduli za nyuzi zisizotambulika kama za Intel mpaka uiambie draiva ya ixgbe izikubali kwa `allow_unsupported_sfp=1`. Pia hizi ni kadi zilizozoea feni za seva zinazopuliza kama kimbunga; kwenye boksi la mezani, bila feni ya kuzielekea, zitaungua polepole.

Kusafisha na kupachika

Kadi iliyokaa stoo karibu na bahari huja na meno yaliyofifia. Ishike kwenye mwanga wa dirisha uigeuze. Dhahabu safi inang'aa sawasawa. Iliyochafuka ina ukungu wa kahawia, na penye kutu utaona vidoa vya kijani vinavyoanzia kwenye kingo za kila jino. Chukua ufutio mweupe wa penseli (ule wa kalamu ya wino una mchanga, utakwangua dhahabu) na usugue taratibu kuelekea nje, kutoka kwenye chipu kwenda kwenye ukingo, mara kumi hivi kila upande. Pangusa mabaki kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukiitumia, subiri ikauke kabisa. Kama kijani kimeshakula dhahabu na shaba inaonekana, kadi hiyo itakusumbua, itafutie mwenzake.

Sloti yenyewe ipulize vumbi kwa pampu ya mkono. Usiipulize kwa mdomo, mate yana chumvi pia.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 5 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha boksi kabla ya kushika kadi. Isukume ndani kwa vidole gumba viwili mpaka meno yazame sawasawa, halafu funga skrubu ya bati. Angalia baada ya kufunga: bati lililopinda huinua upande mmoja wa kadi, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kadi nzima kusoma x1 badala ya x4.

Kuhakiki kabla ya kuamini

Washa kwa Linux yoyote ya kwenye flashi, kisha:

```
lspci -nn | grep -i ethernet
sudo lspci -vv -s 03:00.0 | grep Lnk
```

Amri ya kwanza inataja chipu halisi, hata kama kasha lilisema vingine. Ya pili (badilisha 03:00.0 kwa namba uliyoiona) inatoa mistari kadhaa, ya muhimu miwili: LnkCap ni uwezo wa kadi, LnkSta ni kile ilichopata. I350 ikisema uwezo ni `5GT/s, Width x4` na hali ni `Width x1 (downgraded)`, ama imekaa vibaya, ama meno ni machafu, ama sloti hiyo ina njia moja. Toa, safisha, rudisha, soma tena.

Kisha kuna mtego wa majina. Linux huipa poti jina kulingana na mahali ilipo, mfano `enp3s0`. Ukiongeza kadi nyingine, au hata ukiihamisha sloti, namba hizo huweza kusogea. Jana ilikuwa enp3s0, leo ni enp4s0, na mipangilio yote ya mtandao inaelekea kwenye jina lisilokuwepo. Watu wamefomati seva nzima kwa jambo hili. Dawa ni kulifunga jina kwenye namba ya MAC, namba ya kipekee ya kila poti. Kwenye Ubuntu, ndani ya faili la netplan:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    ndani:
      match:
        macaddress: "aa:bb:cc:dd:ee:01"
      set-name: ndani0
      addresses: [192.168.10.1/24]
```

Weka MAC ya kadi yako, na fanya vivyo hivyo kwa `nje0`. Kama hujui poti ipi ni ipi kwa nje, `sudo ethtool -p ndani0 15` itaiwashawasha taa yake kwa sekunde 15. Bandika karatasi hapo hapo.

Sasa pima kasi. Kwenye seva andika `iperf3 -s`, kwenye kompyuta nyingine `iperf3 -c 192.168.10.1 -t 60`, kisha rudia ukiongeza `-R` ili upime upande wa pili. Gigabiti yenye afya inatoa megabiti 930 hadi 945. Ukipata karibu 94, poti imeungana kwa megabiti 100, na lawama ni ya kebo mpaka ithibitike vinginevyo. Ukipata namba inayopanda na kushuka, huku safu ya Retr (pakiti zilizotumwa upya) ikijaa, soma kaunta za makosa:

```
sudo ethtool -S ndani0 | grep -i -E "crc|err"
```

rx_crc_errors inayopanda wakati wa kipimo ni kebo, plagi au poti ya swichi. Badilisha kimoja kimoja.

Kasoro nyingine hujitokeza kwenye poti za mazabodi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e, kama I217 na I219: mtandao unakatika chini ya mzigo na `dmesg` inaandika "Detected Hardware Unit Hang". Kadi haijafa. Kuzima usaidizi wa kukata pakiti mara nyingi hutuliza, ukiweka jina la poti yako badala ya eno1: `sudo ethtool -K eno1 tso off gso off`. Ikitulia, iweke amri hiyo ijiendeshe kila mashine inapowaka.

Kebo

Kata kipande, menya waya mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Alumini iliyopakwa shaba hugeuka nyeupe baada ya kwangua mbili, na ukiukunja waya huo mara chache unakatika kama kijiti. Kebo ya namna hiyo hupoteza nguvu kwenye masafa, na penye plagi hulegea kadiri joto linavyobadilika. Cat5e ya shaba halisi inabeba gigabiti mita 100. Hulazimiki kununua Cat6, ila Cat5e bandia hailingani na chochote.

Gigabiti hutumia jozi zote nne. Megabiti 100 hutumia mbili tu: pini 1, 2, 3 na 6. Ndiyo maana plagi iliyobanwa vibaya kwenye pini ya 7 haikati mtandao. Inaushusha kimya kimya mpaka megabiti 100, na unabaki kuilaumu kadi. Mpangilio wa T568B ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawa.

Usivute kebo ya shaba kutoka jengo moja kwenda jingine. Radi za masika hazihitaji kupiga jengo lenyewe; tofauti ya ardhi kati ya majengo mawili inatosha kusukuma umeme kwenye kebo na kuchoma poti za pande zote. Tumia nyuzi za kioo na vigeuzi viwili. Glasi haipitishi umeme.

Vipuri vilivyobaki

Prosesa ipite haraka. Mashine ya i5 ya kizazi cha 2 au cha 3 inafaa. Epuka i3-2100 na i3-3220 kama utatumia VPN au kusimba diski, kwa kuwa hazina maelekezo ya AES (ya kuharakisha usimbaji) na kazi hiyo itazilemea. I3 za kizazi cha 4, kama i3-4130, zinayo. Core 2 haiwezi kuendesha AlmaLinux 9 wala ndugu zake, lakini Debian 12 inaikubali.

RAM ni DDR3 za mezani za kawaida. Ukiona za gigabaiti 8 au 16 zinauzwa bei ya chini isiyo ya kawaida, soma lebo: yenye herufi R baada ya PC3-10600 au PC3-12800 ni ya seva, na mashine hizi haziwaki nayo. Gigabaiti 8 kwa jozi ya 4 na 4 zinatosha mafaili na lango la intaneti; OptiPlex 7010 inafika 32. Pitisha Memtest86+, programu ya kupima RAM, duru nzima kabla ya kuweka data yoyote.

Diski ya mtumba isome kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`. Namba ya 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu au za kutiliwa shaka, ziwe sifuri. 199 ikipanda ni waya wa SATA, si diski. Saa za kazi zinaweza kufutwa na muuzaji mjanja. Kwa Seagate nyingi, `smartctl -l farm` ya smartmontools 7.4 kuendelea huonyesha saa zilizohifadhiwa mahali pengine; zikitofautiana sana, mrudishie. Diski za SAS, ambazo ni za seva, huonekana kama za SATA lakini pengo la katikati ya kiunganishi limezibwa, na mazabodi ya mezani haziziwezi. Kama unataka kitu kipya na maduka ya kompyuta hayana, nenda kwa wafunga kamera: WD Purple na SkyHawk zinahifadhi mafaili vizuri. Mfumo wenyewe uweke kwenye SSD ndogo, hata ya gigabaiti 120.

Pawa saplai ina mtego wake. OptiPlex 7010 ya mnara hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 inatumia pini 8 za Dell, na EliteDesk 800 G1 pini 6 za HP. Ikifa, haibadilishwi na ya dukani bila adapta. Hilo peke yake linatosha kukufanya uchague 7010 kuliko mashine iliyo mpya kuliko hiyo kwa mwaka mmoja au miwili. Chungulia pia kapasita: kichwa kiwe bapa. Kilichovimba ni pawa saplai ya kutupa.

Betri ya CR2032 badilisha siku ya kwanza, bila kupima. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika usiku mashine inarudi na tarehe ya miaka iliyopita na kusimama ikisubiri mtu abonyeze F1. Hata ikipita hapo, vyeti vya usalama vyote vitaonekana batili kwa sababu ya saa. Ukiwa kwenye bayosi, tafuta "AC Recovery" kwa Dell au "After Power Loss" kwa HP, uiweke ijiwashe umeme ukirudi.

UPS ya VA 650 ina betri ya volti 12 na saa-ampia 7. Kwa mzigo wa wati 60 tegemea nusu saa ikiwa mpya. Unganisha waya wake wa USB na usakinishe NUT, programu inayosoma hali ya UPS, ili seva ijizime yenyewe kabla chaji haijaisha. Bila hivyo umenunua mlio tu. Na mashine ya wati 40 inakula uniti 28.8 kwa mwezi. Mwenye tarifu ya D1 ya TANESCO (ya watumiaji wadogo) yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi aliingize hilo kwenye hesabu kabla hajaiweka nyumbani.

Mahali pa kuiweka

Inua mashine sentimita 30 kutoka sakafuni, mbali na dirisha linaloelekea bahari, mgongo wake usiguse ukuta. Mashine inayowaka muda wote hukauka kwa joto lake. Inayozimwa kila usiku ndiyo inayonyonya unyevu. Kadi za akiba zihifadhi kwenye mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Pongwe na kwingine kwenye vumbi, safisha kichujio au feni kila mwezi; mjini kila miezi mitatu inatosha.

Kabla ya kuikabidhi, iache usiku kucha ikivuta `iperf3 -t 28800` na boksi likiwa wazi. Asubuhi soma tena kaunta za makosa na joto la prosesa kwa amri ya `sensors`. Makosa yakiwa sifuri na joto halikuvuka nyuzi 70, funga ubavu uipime saa nyingine mbili, maana boksi lililofungwa lina joto lake. Ikizidi 80, badilisha pesti ya prosesa. Ile ya kiwandani ya mwaka 2012 imeshakuwa chaki.